Robert Noble: alitafuta dawa ya sukari, akaangukia dawa ya kanseri

Ua dogo la petali tano, la rangi ya pinki au nyeupe na jicho katikati, linapandwa mbele ya nyumba nyingi katika miji ya mashariki mwa Congo. Waliosoma Kifaransa wanaliita pervenche ya Madagascar. Jua kali linalivumilia, udongo mbaya linauvumilia, na likiachwa lenyewe linasambaa parsele nzima. Wengi hawajui hata jina lake; ni maua tu ya kupendezesha mlango. Kumbe ndani ya majani yake mna sumu mbili ambazo leo zinapitishwa kwenye mshipa wa watoto wenye kanseri ya damu, ya figo na hata ya ubongo, karibu dunia nzima. Mtu aliyeanza kuifungulia sumu hiyo njia ya kuwa dawa alikuwa Mkanada, Robert Laing Noble, na kusema kweli hakuwa akitafuta dawa ya kanseri.

Alizaliwa Toronto tarehe 3 Februari 1910. Katika nyumba yao habari za ugonjwa wa sukari ziliingia mapema, juu ya mkubwa wake, Clark. Mwaka 1921 Clark Noble alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Toronto wakati daktari kijana, Frederick Banting, alipopewa chumba na mbwa wa kufanyia majaribio, akahitaji msaidizi wa likizo. Wanafunzi walikuwa wawili, Clark na Charles Best. Inasimuliwa kwamba walirusha sarafu ili kujua nani aanze, na Best akashinda. Walipatana wabadilishane katikati ya likizo, lakini zamu ya Clark haikufika. Best alibaki, na kazi ile ikazaa insulini. Mwaka 1923 Banting na profesa wake Macleod walipata tuzo ya Nobel, na jina la Best likaandikwa katika kila kitabu cha dawa. Jina la Clark likabaki la kusimuliwa na wenye kupenda hadithi za sarafu. Robert wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 11. Hakuna aliyejua kwamba miaka 30 baadaye, kule kujulikana kwa Clark kama mtu wa mambo ya sukari ndiko kutakakomletea mdogo wake kazi kubwa ya maisha yake.

Robert alimaliza udaktari Toronto mwaka 1934, akavuka bahari kwenda kusoma zaidi mjini London, Uingereza, kisha akarudi Canada kufanya kazi Montreal, chini ya profesa James Collip. Huyu Collip naye ni mtu wa hadithi ileile: ndiye aliyesafisha insulini katika majira ya baridi ya 1921 kuingia 1922, hadi ikafaa kuchomwa mwilini mwa mtu bila kumdhuru. Kwa Collip, Robert alijifunza ufundi mmoja ambao ungemsaidia baadaye: kuchukua kitu kichafu kilichosagwa, kukigawa sehemu sehemu, kuijaribu kila sehemu kwa mnyama, kutupa isiyofanya kitu na kuendelea na ile inayofanya, mpaka mwisho kibaki kitu kimoja safi. Kazi ya uvumilivu. Haina shangwe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliwekwa kwenye mambo ya jeshi. Walichunguza jinsi mwili unavyoporomoka baada ya kuumizwa vibaya, na Noble akatafuta pia dawa za kuzuia kutapika kwa askari waliokuwa wakisafiri kwa meli. Vita ilipoisha, Collip alikwenda kuongoza kitivo cha udaktari katika Chuo Kikuu cha Western Ontario, katika mji unaoitwa London pia, lakini huu ni London wa Canada. Mwaka 1947 Noble akamfuata huko.

Mwaka 1952 bahasha ikafika nyumbani kwa Clark. Ilitoka Jamaica, na ndani yake mlikuwa na majani 25 ya pervenche. Maelezo yalikuwa mafupi: katika kisiwa kile, watu wenye ugonjwa wa sukari ambao hawakuwa na insulini walichemsha majani hayo na kunywa kama chai. Clark hakuwa tena na maabara. Akampa mdogo wake.

Robert alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kazi yake angefanya. Aliwapa panya maji ya majani yale kwa mdomo, akapima sukari ya damu. Hakuna kilichobadilika. Hapo watu wengi wangefunga daftari, juu swali lilikuwa moja na jibu limepatikana. Yeye akajaribu njia nyingine: akawachoma panya sindano ya maji ya majani, kwa kipimo kikubwa. Sukari haikushuka hata hapo. Lakini baada ya siku chache panya wakaanza kufa.

Panya kufa katika maabara si jambo la ajabu. Mtu angesema dawa ilikuwa chafu, au sindano iliingiza vijidudu, tuanze upya na panya wengine. Na kweli, panya walipopasuliwa walikutwa na majipu ya usaha sehemu mbalimbali za mwili, dalili ya vijidudu vilivyosambaa. Swali la Noble lilikuwa: kwa nini vijidudu ambavyo panya mzima huvishinda kila siku vimewashinda hawa? Akapima damu. Chembe nyeupe, zile ambazo ni askari wa mwili, zilikuwa zimeanguka karibu kuisha. Akatazama uboho ndani ya mifupa, mahali chembe hizo zinapotengenezwa, akakuta umekauka. Panya hawakuuawa na vijidudu peke yake. Kitu fulani ndani ya majani kilikuwa kimewanyang'anya askari wao.

Hapa njo mahali maisha ya Noble yalipogeuka. Kitu kinachoua chembe nyeupe ni sumu, na ni sumu mbaya. Lakini kuna ugonjwa ambao chembe nyeupe zenyewe ndizo adui: kanseri ya damu, ambapo zinazaliana bila kipimo mpaka zinamaliza mwili. Kama majani yale yanazima zile za kawaida, je, zile za kanseri, ambazo zinagawanyika haraka zaidi? Sukari ikawekwa pembeni. Kazi ikawa kukitafuta hicho kitu.

Ilichukua miaka. Ndani ya jani la pervenche mna kemikali kwa makumi, nyingi zikifanana kama watoto wa familia moja, na ile iliyotakiwa ni chache mno. Kwa hesabu za leo, mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja hivi tu ya dawa. Tena mmea wenyewe ni wa nchi za joto, na Ontario ina theluji. Mwaka 1954 akafika mtu aliyehitajika: Charles Beer, mkemia kutoka Uingereza, mpole na mwenye mikono ya subira. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Beer alitenganisha, na kila sehemu aliyoipata ilipelekwa kwa panya, ambapo Noble na mwenzao Cutts walihesabu chembe nyeupe. Zikishuka, sehemu hiyo inahifadhiwa na kugawanywa tena. Zisiposhuka, inamwagwa. Mwishowe Beer alipata kitu safi, chenye umbo la chembechembe kama chumvi. Leo kinaitwa vinblastini.

Mwaka 1958 waliitangaza kazi yao New York. Kwenye kichwa cha makala yao Noble na wenzake hawakuficha kitu: waliandika kwamba habari yao inahusu nafasi ya mambo yanayoonekana kwa bahati. Wakati huohuo waligundua kwamba hawakuwa peke yao. Kampuni ya dawa ya Marekani, Eli Lilly, nayo ilikuwa inaupima mmea uleule, nayo pia baada ya kusikia kwamba mahali fulani watu wanautumia kwa sukari. Na mkemia wake, Gordon Svoboda, aliona kwamba maji ya majani yanawarefushia maisha panya wenye kanseri ya damu. Pande mbili zikakubaliana kushirikiana. Svoboda akapata ndugu ya vinblastini, vinkristini. Kwa kemia tofauti yao ni ndogo sana, kipande kimoja tu cha molekuli, lakini mwilini wanaachana: vinblastini inapiga zaidi uboho, vinkristini inapiga zaidi mishipa ya fahamu. Wagonjwa wa kwanza wa vinblastini walitibiwa Toronto. Marekani iliruhusu vinblastini mwaka 1961 na vinkristini mwaka 1963.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Kabla ya dawa hizi, mtoto mwenye kanseri ya damu alikuwa wa kuhesabiwa wiki au miezi. Vinkristini ikichanganywa na dawa nyingine, watoto wakaanza kupona, kwanza wachache, kisha wengi. Na haikubaki Ulaya na Marekani. Jirani hapa Uganda, daktari Denis Burkitt alikuwa ameeleza kanseri ya watoto inayovimbisha taya, ile inayobeba jina lake mpaka leo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari waliitibu kwa mchanganyiko ambao vinkristini ilikuwa ndani yake, na watoto ambao nyuso zilikuwa zimeharibika zilirudi kuwa za kawaida. Mashariki ya Afrika imeitumia pia kwa kanseri ya ngozi ya Kaposi, inayowashika hasa wenye virusi vya ukimwi.

Ubongo umekuwa mlima mgumu zaidi, na inafaa kueleza kwa nini, juu hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Ndani ya kila seli mna mirija myembamba mno, inayojengwa na kubomolewa kila wakati kama jukwaa la mafundi wa nyumba. Seli ikitaka kugawanyika, mirija hiyo njo inayovuta nusu huku na nusu kule. Vinblastini na vinkristini zinayashika matofali ya mirija hiyo, ujenzi unakwama, na seli inakufa katikati ya kugawanyika. Lakini mirija ileile ina kazi nyingine. Seli inayotembea inaitumia kujua mbele ni wapi na kujisukuma. Na uvimbe mbaya wa ubongo, ule unaoitwa glioma, unaua hasa kwa kutembea: seli zake zinaacha uvimbe mkubwa, zinatambaa moja moja kufuata nyuzi za ubongo na mishipa ya damu, zinajificha ndani ya sehemu nzima. Daktari wa upasuaji anaondoa donge analoliona, familia inafurahi, na baada ya miezi ugonjwa unarudi kutoka kwa zile zilizokwisha tambaa. Njo maana watafiti wengi leo wanatafuta katika mimea kitu cha kuzifunga miguu seli hizo. Wamejaribu kemikali ya manjano, ya vitunguu, ya zabibu na nyingine nyingi, na katika visahani vya maabara kadhaa zimepunguza mwendo wa seli. Kisahani lakini si kichwa cha mtu. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zinachuja vikali kila kinachopita, na vingi vinavyofanya kazi kwenye kisahani havifiki.

Hata vinkristini inapita kwenye chujio hilo kwa shida. Tangu miaka ya 1970 imewekwa na dawa nyingine mbili katika tiba ya aina fulani za uvimbe wa ubongo, na utafiti mkubwa uliofuatwa kwa miaka mingi ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina moja ya uvimbe, wenye alama fulani kwenye kromosomu, waliopata tiba hiyo pamoja na miale waliishi muda karibu mara mbili ya waliopata miale peke yake. Hata hivyo madaktari wanabishana: je, ni vinkristini iliyosaidia, au ni zile mbili nyingine? Wengine wameshaiondoa. Vinblastini, ile ya Noble na Beer, imepata nafasi yake kwa watoto wenye uvimbe wa ubongo unaokua polepole. Mwaka 2012 madaktari wa Canada, wakiongozwa kutoka Toronto, mji aliozaliwa Noble, walitoa habari za watoto 51 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi au umekataa dawa nyingine. Walipewa vinblastini peke yake, sindano moja kwa wiki kwa mwaka mmoja. Kwa wengi uvimbe ulipungua au ulisimama, na wengi sana walikuwa hai miaka mitano baadaye. Tiba hiyo sasa inatumika katika nchi mbalimbali.

Wanaouza dawa za majani sokoni wakisikia habari hii hukimbilia kusema: basi jani linatosha, chemsha unywe. Panya wa Noble ni jibu tosha. Walichomwa sindano ya maji ya majani, wakafa. Kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachoua pana nafasi ndogo sana, na mtu anayechuma majani mlangoni hana namna ya kujua jani moja lina kiasi gani. Hata ndani ya hospitali dawa hizi zinashikwa kwa woga. Zikivuja nje ya mshipa zinachoma nyama ya mkono. Vinkristini inaweza kufanya vidole kufa ganzi na tumbo kufunga kwa siku nyingi. Na kuna kosa moja lisilo na dawa: mtu akiichoma kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, mgonjwa karibu kila mara anakufa. Limetokea katika nchi tajiri zenye wauguzi waliosoma sana, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeonya juu yake. Mzazi wa mtoto anayeumwa kichwa kila asubuhi, anayetapika bila homa na kuanza kutembea kama mlevi, asipoteze wiki kwenye chai ya majani. Hizo ni dalili za kumpeleka hospitali leo, si kesho.

Habari ya faida ni chungu pia. Mmea asili yake ni Madagascar, waliotoa habari za chai walikuwa watu wa visiwa vya joto, na pesa za dawa zilikwenda kwenye makampuni. Madagascar haikupata fungu. Mara nyingi watu wanapozungumza kuhusu haki za nchi juu ya mimea yao, kisa cha pervenche hutajwa kati ya vya kwanza, na hilo ni haki, hata kama Noble mwenyewe alikuwa mtu wa mshahara wa chuo.

Mwaka 1960 Noble aliondoka Ontario, akaenda upande wa bahari ya Pasifiki, Vancouver, kuongoza kituo cha utafiti wa kanseri cha Chuo Kikuu cha British Columbia. Beer naye alihamia huko. Noble hakurudi sana kwenye mimea. Aliingia kwenye homoni na kanseri za matiti na tezi dume, akakuza ukoo wa panya ambao maabara nyingi ziliendelea kuutumia na ambao unaitwa kwa jina lake. Aliacha uongozi mwaka 1975. Tuzo zilikuja akiwa mzee: ya Gairdner mwaka 1984, na nishani ya taifa, Order of Canada, mwaka 1988.

Alifariki Vancouver tarehe 11 Desemba 1990, akiwa na miaka 80. Mwaka 1997 Canada iliweka majina yake na Beer pamoja katika ukumbi wa heshima wa watu wa udaktari. Dawa zote mbili ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, ile inayosema kila nchi inatakiwa iwe nazo, na bado zinaanzia kwenye majani ya mashambani. Kuhusu sukari, jambo lililoandikwa kwenye bahasha ile, majani yale hayakuishusha hata mara moja katika maabara ya Noble.